Miguu Imechoka, Lakini Imechoka kwa Nini?

Ndugu waendeshaji, asanteni kwa kufika. Naenda moja kwa moja kwenye mada.

Mtu anashuka kwenye baiskeli baada ya muda wa saa nne au tano za vilima, mawe na mizizi. Miguu imemwishia. Papo hapo anatafuta barafu, dawa ya kuchua, kidonge. Tunachoruka hapo ni swali la kwanza kabisa: miguu hii imechoka kwa sababu gani? Uchovu hauna aina moja, na dawa ya aina hii haitibu aina ile.

Kuna miguu iliyoishiwa nishati. Misuli huhifadhi wanga kwa umbo la glaikojeni, kwa kawaida gramu 300 hadi 500 kwa mwili mzima, na ini huweka kama gramu 100 nyingine. Kupanda kwa nguvu kwa saa mbili au tatu bila kula kunaweza kuimaliza karibu yote. Dalili yake ni miguu mizito isiyotii amri, lakini ukibonyeza paja kwa kidole gumba halikuumi.

Kisha kuna miguu iliyojeruhiwa, na hapa naomba tukae kidogo, maana wengi hushangaa mapaja yanapouma ilhali waliteremka tu bila kunyonga. Tazama mwili kwenye mteremko: umesimama juu ya pedali zilizolala sawa, magoti yamekunjwa, na gurudumu linapogonga jiwe mwili wote unadidimia. Msuli wa mbele ya paja unajikaza kuuzuia huku unavutwa kuwa mrefu. Kujikaza huku unavutwa ndiko kunakochana nyuzi za msuli kidogokidogo, na kila jiwe linarudia kazi hiyo. Maumivu huanza kesho yake na kufika kilele kati ya saa 24 na 72. Ukishuka ngazi umeshikilia ukuta, ni hayo.

Wengi hudai maumivu haya yanaletwa na asidi ya laktiki, ile ambayo misuli huitoa ikifanya kazi kwa nguvu, lakini inasingiziwa tu. Mwili huiondoa kwenye damu ndani ya kama saa moja baada ya kupumzika, kwa hiyo haiwezi kukuuma keshokutwa. Anayekukanda akisema "anaitoa asidi", mikono yake inaweza kukupunguzia maumivu kweli, ila maelezo yake si sahihi.

Aina ya tatu ni upungufu wa maji na chumvi, na hii hupimwa kwa mizani. Jipime kabla ya kutoka na baada ya kurudi, ukiwa na nguo chache na umejifuta jasho. Kila kilo 1 iliyopungua irudishe kwa lita 1.25 hadi 1.5 za maji, polepole kwa saa kadhaa, pamoja na chakula chenye chumvi. Maji matupu yakinywewa kwa pupa huishia chooni, na yakizidi sana huzimua chumvi ya damu, jambo ambalo ni hatari kuliko kiu yenyewe.

Kwenye chakula, jiulize utaendesha tena lini. Kama ni kesho asubuhi, usisubiri. Kula gramu 1 hadi 1.2 za wanga kwa kila kilo ya uzito wako, kila saa, kwa saa nne za kwanza. Mwenye kilo 70 anahitaji gramu 70 hivi kwa saa: sahani ya kawaida ya wali, au ndizi mbivu kubwa na vipande vitatu vya mkate. Ongeza protini kama gramu 0.3 kwa kilo; kwa mtu huyohuyo, mayai matatu na glasi ya maziwa yanatosha. Kama mapumziko ni ya siku mbili, haraka hiyo haina maana. Kula vizuri siku nzima. Pombe iahirishe, kwa sababu inachelewesha ukarabati wa misuli na kuharibu usingizi, na usingizi wa saa 7 hadi 9 unashinda kifaa chochote utakachouziwa.

Dakika 10 za mwisho za safari nyonga kwa gia nyepesi ili damu isituame miguuni ukapata kizunguzungu. Siku inayofuata, nusu saa ya barabara tambarare inalegeza miguu, mradi uweze kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Ukianza kumfukuzia aliye mbele, hayo si mapumziko tena.

Maji baridi ya nyuzijoto 10 hadi 15, kwa dakika 10 hadi 15, hupunguza maumivu. Yanafaa kati ya siku mbili za mashindano. Ila aliye kwenye kipindi cha kujenga nguvu kwa vyuma asiyafanye mazoea, kwa sababu yanadumaza ukuaji wa misuli anaoutafuta. Kujinyoosha hakupunguzi maumivu haya kwa kiasi cha kutegemea. Vidonge kama ibuprofen ukiwa umekaukiwa na maji vinaweza kuumiza figo, wala haviharakishi kupona.

Chunguza na baiskeli, maana mara nyingi ndiyo inayochosha miguu bure. Siti iliyo chini mno hubebesha mapaja na magoti mzigo wote. Kaa, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuyumba. Wenye nguzo ya siti ya kushusha, ipandisheni kila mteremko unapokwisha. Wengi hunyonga kilomita nzima ikiwa chini. Kwenye mpando, pedali zikishuka chini ya mizunguko 60 kwa dakika, badili gia mapema. Kwenye mteremko mrefu, badilisha mguu wa mbele mara kwa mara, la sivyo paja moja litaumia kuliko jingine.

Mwisho ni mambo ambayo si uchovu. Mkojo wa rangi ya chai nzito pamoja na misuli iliyovimba na kuuma kupita kiasi: hospitali siku hiyohiyo, kwani msuli unavunjika na figo ziko hatarini. Shavu la mguu mmoja likivimba, likiwa na joto na kuuma hata umelala, huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa, hasa kama ulisafiri kwa kukaa muda mrefu baada ya kuendesha. Hilo msilikande wala kulipitishia rola ya kukandia misuli. Nendeni likapimwe kwanza.