Laki Tatu za Lowry: Kusoma Rekodi ya Mtafiti wa Molekuli

NEEMA: Karibuni. Leo tunafungua wasifu wa mtafiti wa baiolojia ya molekuli: makala zake, nukuu zake, yaani mara ngapi makala nyingine zimezitaja, na zinasema nini. Baraka, pa kuanzia?

BARAKA: Kileleni. Makala ya Oliver Lowry na wenzake watatu, Journal of Biological Chemistry, 1951. Imenukuliwa zaidi ya mara 300,000.

NEEMA: Na ndani hamna ugunduzi wa kutikisa dunia. Ni namna ya kupima protini.

BARAKA: Basi. Shaba ndani ya mmumunyo wa alkali, kisha kitendanishi cha Folin, buluu inatokea. Protini ikizidi, buluu inakolea. Bafa ya Tris, kemikali ya kudhibiti pH, inaivuruga, sabuni za maabara nazo zinaivuruga, lakini kila aliyepima ilibidi ataje kipimo alikitoa wapi. Jarida la Nature lilipopanga makala 100 zilizonukuliwa zaidi, mwaka 2014, hii ilikuwa ya kwanza. Ya pili ilikuwa ya Laemmli ya 1970, ya kutenganisha protini kwenye jeli. Ya tatu Bradford, 1976. Nayo inapima protini!

NEEMA: Ila ya Watson na Crick, ile ya umbo la DNA, haikuingia kwenye 100.

BARAKA: Jambo likishafika vitabu vya sekondari, nani analinukuu tena? Kwa hiyo ukiona nukuu nyingi, uliza kwanza: ni makala ya mbinu, ya mapitio, au ya matokeo mapya? Mbinu na mapitio huvuta nukuu kuliko matokeo.

NEEMA: Twende kwenye faharisi ya h, ya mwanafizikia Jorge Hirsch, 2005. H ni idadi ya makala ambazo kila moja ina nukuu zisizopungua idadi hiyo. Panga makala kuanzia yenye nukuu nyingi. Tuseme 90, 41, 20, 8, 5, 4, 1. Ya tano ina 5, imefika. Ya sita ina 4, imepungukiwa. H ni 5.

BARAKA: Na hiyo 90 ukiigeuza kuwa 300,000, h inabaki 5 ileile. Halafu h kwa kawaida haishuki. Mtu akistaafu leo, inaweza kuendelea kupanda. Kumlinganisha kijana wa miaka minne tangu shahada ya uzamivu na profesa wa miaka thelathini kwa namba hiyo ni kumwonea.

NEEMA: Nafasi ya jina je? Mimi ndiyo naangalia kwanza.

BARAKA: Kwenye fani hii, wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyeshika pipeti, yaani aliyefanya majaribio, wa mwisho ndiye mwenye maabara. Wa katikati inategemea. Usiipeleke kanuni hiyo kwenye hisabati, kule wengi hupanga kwa alfabeti.

NEEMA: Na usiruke vialama vidogo chini ya majina. Chukua makala ya CRISPR, mbinu ya kukata DNA, kwenye jarida la Science, 2012. Jinek wa kwanza, Chylinski wa pili, lakini kialama kinasema wawili hao wamechangia sawa. Doudna na Charpentier wako mwishoni, ndio waandishi wa mawasiliano, wanaoandikiwa kuhusu makala, ndio waliopata Nobel ya 2020. Asiyesoma kialama anampunja Chylinski.

BARAKA: Sasa uchafu wa rekodi. Majina yetu matatu yanatuponza. Makala moja "A. Juma", nyingine "A. J. Salum", na mashine inaona watu wawili. Dawa ni ORCID, namba ya tarakimu 16 ya kumtambulisha mtafiti mmoja. Iweke kila unapowasilisha makala, na chagua namna moja ya kuandika jina usiiache.

NEEMA: Kosa jingine liko kwenye wasifu wako wa Google Scholar, injini ya kutafuta makala za kitaaluma: ukiruhusu makala ziongezwe zenyewe, utaamka una makala ya mtu mwenye jina kama lako. Badilisha mpangilio, upate barua pepe uidhinishe kwanza. Na makala ikiwa imeonekana bioRxiv, hifadhi ya makala ambazo bado hazijapitiwa na jarida, kisha jaridani, mara nyingi inakaa mara mbili, nukuu zimegawanyika. Zitie tiki zote mbili, ziunganishe.

BARAKA: Hapo h inaweza kupanda bila jaribio lolote jipya.

NEEMA: Na ukikuta Scholar imempa mtafiti nukuu nyingi kuliko Scopus, hifadhidata nyingine ya makala, si wizi. Scholar huhesabu mpaka tasnifu. Ukiandika namba kwenye ombi la kazi, taja chanzo na tarehe uliyoitazama.