Mzee Haachi Daftari: Wafinyanzi wa Nyumba ya Raku

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Tukisikia karakana ya ukoo imedumu zaidi ya miaka mia nne, haraka tunasema siri ni damu, pamoja na daftari la mzee ambalo mwana hulinakili. Nawapeleka Kyoto, Japani, kwenye nyumba ya wafinyanzi wa Raku, muone damu si lazima na daftari halipo.

Mwanzilishi, Chojiro, alitengeneza bakuli za chai katika karne ya 16 kwa ajili ya Sen no Rikyu, bingwa wa ibada ya chai, yaani desturi ya Kijapani ya kuandaa na kunywa chai kwa utaratibu maalumu. Gurudumu hakuligusa. Alifinyanga kwa viganja, kisha akachonga kwa kisu, na nyumba hiyo inafanya vivyo hivyo hadi leo. Bakuli jeusi huchomwa kwa mkaa unaopulizwa kwa mivukuto, likachomolewa kwa koleo lingali jekundu kama kaa la moto. Likipasuka, basi, kazi yote imekwenda.

Tuanze na damu. Sonyu, wa kizazi cha 5, alizaliwa kwa wafanyabiashara wa vitambaa, akachukuliwa kulelewa angali mdogo. Keinyu, wa 11, alitoka kwa watengenezaji wa pombe ya sake. Akaoa binti wa nyumba na kushika tanuri. Hakuna aliyemwita mgeni. Akishabeba jina la nyumba, huyo ni mwana.

Daftari nalo halipo. Ule utando unaong'aa juu ya chombo, kila kizazi hujitafutia mchanganyiko wake. Baba hamwachii mwana vipimo. Mtaniambia ni ukatili, na kwa kweli miaka ya kwanza ni migumu. Lakini ndiyo sababu bakuli za baba na za mwana hazifanani. Yule wa kizazi cha 15 alisomea uchongaji wa sanamu Tokyo, akaenda Roma, akarudi na bakuli zenye kingo kali kama mawe yaliyovunjika, ambazo Chojiro angezishangaa. Mwaka 2019 alimkabidhi mwanawe jina la Kichizaemon, ambalo hubebwa na mkuu wa nyumba, yeye akaitwa Jikinyu.

Kinachorithishwa mkononi hasa ni udongo. Jikinyu amefinyangia udongo uliowekwa akiba na baba wa babu yake. Ule anaoutafuta yeye, watautumia vitukuu.

Haya, nani ana swali?