Fedha za dharura kwa wasio na makazi: zikiisha, nani analipa?

REHEMA: Karibuni, wasikilizaji. Leo mimi na kaka Idrisa tunazungumzia fedha za dharura ambazo serikali za mitaa hupewa, au hujitafutia zenyewe, kwa ajili ya kuwahudumia watu wasio na makazi. Tutashikilia nchi mbili, Uingereza na Marekani, kwa sababu huko kumbukumbu nyingi za matumizi ziko wazi na mara nyingi mtu anaweza kujaribu kuifuata fedha kuanzia hazina kuu hadi kwenye kitanda. Msimamo wangu nitautoa mapema: mimi hupima fedha ya aina hii kwa kuangalia siku inapokoma. Siku ya kutangazwa kila mwanasiasa huwa mkarimu.

IDRISA: Nakubali nusu, dada. Kabla ya kukoma ni lazima ianze, na mtu anayelala barabarani usiku wa baridi kali hawezi kuambiwa asubiri mpango wa miaka mitano. Naomba tuanze na Machi 2020, kwa sababu wakati huo serikali zilithibitisha kwamba jambo lililosemwa kwa miaka mingi kuwa haliwezekani liliwezekana katika muda wa siku chache.

REHEMA: Tuanze hapo hapo. Tarehe 17 Machi 2020 serikali ya Uingereza ilitangaza pauni milioni 3.2 kwa halmashauri za England, sehemu kubwa zaidi ya Uingereza, ili zigharimie watu wanaolala nje ambao wangehitaji kujitenga kutokana na virusi vya korona. Tarehe 26 ya mwezi huo huo Luke Hall, waziri aliyehusika na suala hilo, akaziandikia halmashauri akizitaka ziwaingize ndani wote: waliokuwa wakilala nje, na pia waliokuwa katika malazi ambamo watu wengi hulala chumba kimoja. Hoteli zilikuwa tupu, kwa hiyo vyumba vilipatikana. Kufikia mwisho wa Novemba, zaidi ya watu 33,000 walikuwa wamesaidiwa.

IDRISA: Naomba wasikilizaji wafanye hesabu pamoja nasi. Ukizigawa pauni milioni 3.2 kwa watu 33,000, kila mmoja anapata kama pauni 97. Fedha hiyo haimalizi hata wiki moja ya chumba cha hoteli, chakula na mlinzi wa mlangoni.

REHEMA: Ndiyo maana huwa nawaambia watu wasisome tangazo peke yake. Sehemu kubwa ya gharama ilitoka kwenye ruzuku ya jumla ya dharura, pauni bilioni 1.6 mwezi Machi na bilioni 1.6 nyingine mwezi Aprili, ambazo zilipelekwa katika halmashauri bila kutengewa kasma maalumu, yaani kifungu maalumu cha bajeti. Fedha hizo hizo zilitakiwa kulipia matunzo ya wazee, ulinzi wa watoto na pengo la mapato yaliyopotea kwenye maegesho ya magari na kumbi za michezo. Mweka hazina wa halmashauri alikuwa na fungu moja lenye wadai wengi, na mtu asiye na makazi hana chama cha kumtetea mbele ya kamati ya fedha.

IDRISA: Hata hivyo walitumia.

REHEMA: Walitumia, na nawapongeza. Lakini mwezi Mei, miezi miwili tu baada ya barua ya kwanza, serikali ilizikumbusha halmashauri kwamba sheria bado inazuia kuwahudumia baadhi ya wahamiaji ambao hali yao ya ukaazi haiwaruhusu kutumia fedha za umma, na kwamba kila halmashauri itumie busara yake. Agizo lilikuwa la wote. Mamlaka ya kisheria na fedha za kudumu havikuwa vya wote. Halmashauri iliyokuwa imewaweka watu hao hotelini ilibaki na swali ambalo barua haikulijibu: je, iwatoe, na ikiwabakiza inalipa kutoka kasma gani?

IDRISA: Na matokeo yake tunaweza kuyaona katika takwimu. Kila majira ya kupukutika kwa majani, halmashauri za England huhesabu au kukadiria watu wanaolala nje katika usiku mmoja. Mwaka 2019 walikuwa 4,266. Mwaka 2020, dharura ikiwa bado inaendelea, walishuka hadi 2,688, na mwaka 2021 wakawa karibu 2,440. Kisha mstari unageuka: 3,069 mwaka 2022, 3,898 mwaka 2023, na 4,667 mwaka 2024, yaani juu kuliko mwaka 2019, kabla tu ya janga.

REHEMA: Hapo ndipo hoja yangu inaposimama.

IDRISA: Taratibu, dada yangu. Usiitwishe fedha ya dharura mzigo wote. Zuio la kuwaondoa wapangaji, lililowekwa wakati wa janga, liliisha England mwishoni mwa Mei 2021. Msaada wa kodi ya nyumba uliongezwa Aprili 2020, kisha ukaachwa bila kuguswa hadi Aprili 2024, huku kodi za nyumba sokoni zikipanda kila mwaka. Hata kama zile hoteli zingeendelea kulipiwa, watu wapya wangezidi kuingia kwa mlango wa mbele kwa kasi kubwa kuliko wanaotoka kwa mlango wa nyuma.

REHEMA: Sipingi, na kwa kweli umenisaidia, kwa sababu hayo uliyoyataja ndiyo yanayoigeuza dharura kuwa hali ya kawaida. Tangu sheria ya mwaka 1977, halmashauri zina wajibu wa kuwapatia makazi watu wa makundi yenye kipaumbele, zikiwemo familia zenye watoto. Zikikosa nyumba, zinakodi makazi ya muda: hoteli, nyumba za wageni, vyumba vya wenye nyumba binafsi wanaotoza kwa usiku. Serikali kuu hurudisha sehemu ya gharama hiyo, lakini kikomo cha marejesho kwa makazi mengi ya aina hiyo kimefungwa kwenye asilimia 90 ya viwango vya msaada wa kodi vya Januari 2011.

IDRISA: Rudia mwaka huo, tafadhali.

REHEMA: 2011. Mwenye hoteli anatoza bei ya leo, serikali kuu inarudisha kwa bei ya zamani, na tofauti inatoka kwenye mfuko wa halmashauri. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24 halmashauri za England zilitumia takriban pauni bilioni 2.3 kwa makazi ya muda, na kufikia mwisho wa 2024 kaya zaidi ya 120,000 zilikuwa zikiishi humo. Kwa kuwa matumizi haya ni wajibu wa kisheria, diwani hawezi kuyakata. Anachokata ni maktaba, vituo vya vijana, na huduma ya ushauri kwa wapangaji, ambayo ndiyo ingewazuia watu wasipoteze nyumba. Kwa maoni yangu, hakuna mzunguko mbaya zaidi ya huo katika fedha za serikali za mitaa.

IDRISA: Twende Marekani, kwa sababu huko kuna utaratibu ambao naona ni hatari zaidi kuliko kikomo cha marejesho, nao ni utaratibu wa kutumia kwanza na kudai baadaye. Aprili 2020 gavana wa California, Gavin Newsom, alitangaza mpango uliopewa jina la Roomkey, wenye lengo la kupata vyumba 15,000 vya hoteli kwa watu wasio na makazi waliokuwa hatarini zaidi. Kaunti na miji ilikodi vyumba, na FEMA, shirika la shirikisho la kukabili maafa, likakubali kurudisha asilimia 75 ya gharama zinazostahili. Januari 2021 Rais Joe Biden akaagiza kiwango kipandishwe hadi asilimia 100.

REHEMA: Kwenye karatasi hakuna mpango mzuri kuliko huo.

IDRISA: Sasa fikiria uko ofisi ya fedha ya jiji. Umekwisha kulipa. Umeazima kutoka kwenye akiba, umewasilisha stakabadhi, na mkaguzi wako ameandika madai hayo upande wa fedha zinazotarajiwa kuingia. Oktoba 2023 FEMA ikaiandikia California kwamba, kwa gharama za baada ya tarehe 11 Juni 2021, itatambua kukaa hotelini kwa hadi siku 20 tu kwa kila mtu. Barua ilikuja zaidi ya miaka miwili baada ya watu kulala katika vyumba hivyo. Maafisa wa jimbo walikadiria kwamba miji na kaunti zingeweza kukosa angalau dola milioni 300, na San Francisco ilikuwa miongoni mwa zilizokuwa katika hatari kubwa. Wewe unapima siku ya kukoma; mimi nasema kuna siku nyingine mbaya zaidi, inayokuja baada ya hiyo, ambapo mlipaji anabadilisha tafsiri ya alichoahidi.

REHEMA: Na kila afisa wa fedha aliyeisoma barua ile atakuwa mzito kusaini mkataba wa hoteli katika dharura ijayo. Gharama hiyo haimo katika jedwali lolote.

IDRISA: Hapo sikuwa nimefika, lakini ni kweli. Niongeze kwamba utaratibu wa marejesho huwachuja watoa huduma. Shirika kubwa lenye akiba linaweza kulipa mishahara ya miezi kadhaa likisubiri fedha. Shirika dogo la mtaa, ambalo mara nyingi ndilo linalojulikana na watu wanaolala chini ya daraja, haliwezi. Kwa hiyo zabuni zinakwenda kwa wakubwa hata pale ambapo wadogo wangefanya kazi bora.

REHEMA: Kuna upande mwingine, wa fedha zinazofika nyingi na kwa haraka mno. Sheria ya msaada ya Machi 2020 iliongeza dola bilioni 4 katika ruzuku ya shirikisho ambayo kwa kawaida huwapa majimbo, miji na kaunti kama dola milioni 290 kwa mwaka kwa ajili ya malazi ya dharura, kazi ya kuwafikia watu mitaani na kuwarudisha katika nyumba za kupanga. Hiyo ni karibu mara 14 ya bajeti ya mwaka. Ofisi iliyozoea kusimamia mikataba michache ikatakiwa itangaze zabuni, ipitishe maombi na ikague wapokeaji wapya, wakati wafanyakazi wake wenyewe wanaugua. Tarehe ya mwisho ilikuwa Septemba 2022; ikasogezwa mbele kwa mwaka mmoja.

IDRISA: Na kazi hii si ya vitanda tu. Afisa ustawi wa jamii anahitaji muda kabla mtu aliyekaa mitaani kwa miaka hajamwamini na kumkabidhi nyaraka zake. Mkataba wa kazi ukiwa wa mwaka mmoja, afisa huyo huanza kutafuta kazi nyingine kabla haujaisha, na hakuna anayeweza kumlaumu. Anaondoka na majina, na imani, na historia ya kila mmoja. Anayefuata anaanza upya.

REHEMA: Nitaje jambo moja lililofanyika vizuri, maana tukiendelea hivi tutaonekana tunapinga kila kitu. Baada ya Roomkey, California ilianzisha mpango wa Homekey, ambao awamu yake ya kwanza ya mwaka 2020 ilianza na takriban dola milioni 600, kisha ikaongezewa fedha. Sehemu kubwa ilitoka katika mfuko wa shirikisho wa korona na ilibidi itumike kabla ya mwisho wa Desemba mwaka huo huo. Badala ya kukodi vyumba, serikali za mitaa zilinunua moteli na majengo mengine. Miradi 94 ilipata fedha, yenye makazi kama 6,000. Sheria ya jimbo iliiondolea miradi hiyo baadhi ya vibali vya mazingira na mipango miji, na hilo ndilo lililowezesha ununuzi kukamilika katika miezi michache.

IDRISA: Yaani fedha ya mara moja ilinunua kitu cha kudumu.

REHEMA: Na hilo ndilo ningependa kila halmashauri ilizingatie. Fedha isiyo na uhakika iende kwenye matumizi ya maendeleo, na matumizi ya kawaida yategemee chanzo kinachojirudia. Hata Homekey haikuliepuka tatizo lote, kwa sababu jengo linahitaji fundi, mlinzi na afisa ustawi kila mwezi, na kwa hao ruzuku ya uendeshaji iliyotolewa ilikuwa na kikomo. Kaunti ya Los Angeles imekwenda mbali zaidi: wapiga kura walikubali mwaka 2017 kodi ya mauzo ya robo asilimia kwa miaka 10 kwa ajili ya wasio na makazi, na Novemba 2024 wakaibadilisha kwa kodi ya nusu asilimia isiyo na tarehe ya kukoma.

IDRISA: Lakini chanzo cha kudumu hakileti uwajibikaji chenyewe. Huko huko Los Angeles, mapitio yaliyofanywa chini ya usimamizi wa jaji wa mahakama ya shirikisho na kutolewa Machi 2025 yalionyesha kwamba kumbukumbu zilikuwa dhaifu kiasi kwamba haikuwezekana kufuatilia ipasavyo matumizi ya mabilioni ya dola. Mwezi uliofuata bodi ya kaunti ikapiga kura kuondoa mamia ya mamilioni ya dola kutoka mamlaka ya pamoja ya jiji na kaunti, ili kaunti iunde idara yake yenyewe.

REHEMA: Ndiyo, na mwananchi aliyekubali kukatwa kodi ana haki ya kukasirika. Nikirudi kwenye tarehe za kukoma, kuna moja ambayo bado inatembea. Mwaka 2021 Bunge la Marekani lilitoa dola bilioni 5 kwa vocha za dharura za nyumba zipatazo 70,000, yaani hati zinazomlipia mpangaji sehemu ya kodi ya nyumba, na fedha hiyo ilitarajiwa kudumu hadi mwaka 2030. Kodi za nyumba zilipanda, na Machi 2025 wizara inayohusika na nyumba ikazijulisha mamlaka za nyumba za mitaa kwamba fungu lingeisha mwaka 2026.

IDRISA: Na waliomo katika nyumba hizo?

REHEMA: Ni wapangaji wenye mikataba, wengine wana watoto shuleni. Mamlaka ya nyumba inaweza kuwahamishia kwenye vocha za kawaida iwapo ina nafasi, lakini vocha za kawaida nazo zina foleni ya miaka, na sehemu nyingi foleni yenyewe imefungwa. Kila familia inayohamishwa inachukua zamu ya familia nyingine iliyokuwa ikingoja kwa utaratibu.

IDRISA: Ingekuwa mimi ndiye diwani, ningetaka kujua hilo siku ya kupokea vocha, wala si miaka minne baadaye.

REHEMA: Na ingepaswa kuandikwa katika waraka ule ule wa kuomba kibali cha baraza: fedha inaisha lini, nani anadaiwa ikicheleweshwa, na wapangaji wanahamia wapi. Katika kipindi kijacho, kaka Idrisa atatueleza jinsi baadhi ya halmashauri zinavyoandaa bajeti ya majira ya baridi kabla baridi haijaanza.