Nani Kakusukuma Ndani ya Daladala?

ZUHURA: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Leo mnisamehe nikinuka samaki.

KASSIM: Nilitaka kukuuliza, nikaona haya.

ZUHURA: Nimepanda daladala pale Feri, viti vimejaa, nimesimama. Nyuma yangu kuna mama na ndoo ya samaki, maji hadi pomoni. Tunakaribia mataa, bodaboda akakatiza, dereva akafunga breki. Mwalimu, lile gari lilinirusha! Nikamwangukia mzee wa watu, na maji ya ndoo yakaja yote miguuni kwangu.

KASSIM: Pole sana, dada. Ila gari halikukurusha.

ZUHURA: Aliyerushwa ni mimi, wewe hukuwepo.

KASSIM: Haya, nani alikusukuma mgongoni?

ZUHURA: Hakuna. Ni nguvu ya breki.

KASSIM: Breki inabana magurudumu, barabara inayashika matairi kwa msuguano. Kani hiyo, yaani hiyo nguvu ya kushika, inaelekea nyuma. Sasa itakusukumaje wewe mbele?

ZUHURA: Mmh. Endelea.

KASSIM: Ulikuwa unakwenda sawasawa na gari. Gari limepunguzwa mwendo, wewe hukupunguzwa. Sakafu imekamata viatu vyako tu, kiwiliwili kikaendelea na safari. Na yale maji ni hivyohivyo: ndoo imezuiwa, yenyewe bado yanakwenda Kariakoo.

ZUHURA: Yakashukia kwangu!

KASSIM: Ndiyo kanuni ya kwanza ya Newton, aliyoichapisha mwaka 1687. Kilichotulia hubaki kimetulia, kinachokwenda huendelea kwa mwendo uleule katika mstari mnyoofu, mpaka kani ya nje ikiingilie.

ZUHURA: Hiyo niliikariri sekondari kwa Kiingereza, neno kwa neno, na vema nikapata. Sikujua kama inapanda daladala.

KASSIM: Hapo ndipo panaponiuma. Mtoto anaighani kanuni kama kaswida, ukimuuliza kwa nini abiria anayumba, anakwambia kuna kani inamsukuma mbele. Na lugha yetu nayo inatuponza, maana tunasema "nimerushwa", kana kwamba kuna mrushaji.

ZUHURA: Lakini Mwalimu, mkokoteni ukiacha kuusukuma unasimama wenyewe. Mbona hauendelei?

KASSIM: Hausimami wenyewe, unasimamishwa. Kuna msuguano kwenye ekseli, kuna mchanga unaong'ang'ania matairi. Kwa kuwa msuguano hauonekani, watu waliamini kwa karne nyingi kwamba mwendo lazima uwe na msukumaji. Hata Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alifikiri hivyo.

ZUHURA: Basi bomba la kushikilia linanisaidiaje?

KASSIM: Linakuvuta nyuma ili upunguze mwendo pamoja na gari. Una kilo ngapi?

ZUHURA: Swali gani hilo mbele za watu?

KASSIM: Tuseme 60. Gari lina kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, likasimama ndani ya sekunde 2. Kila sekunde mwendo unapungua mita 5 kwa sekunde. Zidisha 60 kwa 5, unapata nyutoni 300, nyutoni ndiyo kipimo cha kani. Ni kama kuning'iniza mzigo wa kilo 30. Sehemu yake inabebwa na msuguano wa viatu, iliyobaki ni ya mkono wako.

ZUHURA: Na mkono mwingine una simu.

KASSIM: Sasa gari ligonge nguzo, lisimame kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mwendo ni uleule, muda umekuwa mfupi mara 20, kwa hiyo kani inafika nyutoni 6,000. Huo ni uzito wa kilo 600. Mkono gani utashika hapo? Ndiyo maana ya mkanda.

ZUHURA: Na dereva akienda mara mbili ya mwendo, kilomita 72, atahitaji nafasi mara mbili kusimama?

KASSIM: Mara nne.

ZUHURA: Acha bwana.

KASSIM: Piga hesabu nami. Kwa breki ileile, mwanzo alitumia sekunde 2, na wastani wa mwendo wake hadi kusimama ni mita 5 kwa sekunde. Hizo ni mita 10. Sasa atatumia sekunde 4, na wastani umekuwa mita 10 kwa sekunde. Mita 40. Muda umeongezeka mara mbili, na mwendo nao mara mbili. Na hapo sijahesabu ule muda wa kushtuka kabla mguu haujagusa pedali.

ZUHURA: Huyu wangu alikuwa anajibizana na konda.

KASSIM: Konda mwenyewe ni fundi wa haya mambo. Umewahi kumtazama anavyoruka gari likiwa bado linatambaa?

ZUHURA: Anatua anakimbia.

KASSIM: Anakimbia kuelekea gari linakokwenda, mgongo ameulaza nyuma kidogo. Mguu ukigusa lami unazuiwa, kifua bado kina mwendo wa gari. Kwa hiyo anaipa miguu nafasi ya kukifuata kifua, hatua tatu nne, halafu anasimama anaita abiria. Msimwige lakini.

ZUHURA: Mimi niliwahi kujaribu nikiwa sekondari. Nilishuka nimesimama wima kama mlingoti.

KASSIM: Ukaanguka kuelekea wapi?

ZUHURA: Mbele, Mwalimu. Kifudifudi, mbele ya meza ya muuza mihogo.