Boti ya doria hula hata ikiwa gatini

Ndugu zangu, asanteni kwa kunialika. Nianze kwa jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma.

Mwaka 2013 kampuni ya serikali ya Msumbiji, ProIndicus, ilikopa dola milioni 622 kwa ajili ya boti za doria, ndege na rada za kulinda pwani ya takriban kilomita 2,500. Bunge halikuulizwa. Ilitarajiwa kampuni za gesi za kaskazini zilipie ulinzi, na deni lilipwe humo humo. Gesi ikachelewa. Mikopo ya siri ilipofichuka mwaka 2016, wafadhili walisitisha misaada ya bajeti na metical, sarafu yao, ikaporomoka.

Rushwa ya mikopo hiyo imesemwa sana, na ni haki isemwe. Mimi naumizwa na mpango wenyewe. Karakana za kuzikarabati boti hizo zilipewa kampuni nyingine ya serikali, MAM, iliyokopa mwaka uliofuata. Yaani boti zimeshanunuliwa, chelezo, pa kuzipandishia zikarabatiwe, bado!

Hebu inama gatini uitazame boti iliyolala miezi mitatu. Chini ya mstari wa maji imeota majani, chaza wadogo wameng'ang'ania hadi kwenye rafadha. Vipande vya zinki vinavyokinga chuma kisiliwe na kutu vimeanza kulika. Siku ikitoka, injini inahema na mafuta yanakwisha upesi. Na muda wote huo mabaharia wanalipwa, kama inavyostahili.

Halafu kuna mwendo. Meli inayolima maji kwa tumbo zima, ukiipeleka mwendo maradufu inadai nguvu kama mara nane. Nahodha akitoka noti 8, yaani maili 8 za baharini kwa saa, hadi 16, mafuta ya kila maili yanakuwa kama mara nne. Kwa hiyo swali la kwanza si boti ngapi. Ni siku ngapi baharini kwa mwaka, na kwa mwendo gani? Hapo ndipo utapata lita, vipuri na zamu za mabaharia. Boti zije mwisho. Na ukitaka moja iwe baharini daima, hesabu tatu, maana nyingine iko chelezoni na nyingine inajiandaa.

Agosti 2020 wapiganaji wa uasi wa Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, waliiteka bandari ya Mocímboa da Praia. Miezi miwili baadaye, maelfu ya watu wa jimbo hilo, Wamwani wakiwemo, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiswahili chetu, walishuka ufukweni Paquitequete, Pemba, na watoto mgongoni. Walikuja kwa majahazi.