Magamba ya Samaki Mlangoni: mazungumzo ya Ngamiani kuhusu seli T za kumbukumbu

Assalaam alaikum. Wazee wangu shikamooni. Na nyie wanafunzi mliojibanza karibu na mlango kama mnaotaka kutoroka, hamjambo.

Nianze na yaliyonipata. Mwaka jana nilitokwa na malengelenge ubavuni, yamejipanga toka mgongoni mpaka chini ya titi, yanachoma kama nimemwagiwa uji wa moto. Mkanda wa jeshi. Kabla sijapona, barabara nzima hapa Ngamiani ilikwisha kunipima VVU kwa macho. Nikapima kweli, maabara, sina. Nina miaka 68 tu, na umri peke yake unatosha kuuleta mkanda.

Unatosha kwa sababu mkanda wa jeshi ni tetekuwanga ya utotoni. Mtoto akipona, kirusi hakitoki mwilini. Hujificha kwenye mafundo ya neva kando ya uti wa mgongo, kikalala huko miaka hamsini, sitini. Kinachokizuia kuamka si kingamwili, zile protini za kinga zinazoelea kwenye damu na kunasa vijidudu. Ni seli T za kumbukumbu, askari wa kinga wanaomkumbuka adui waliyekwisha kupigana naye, na zangu zimechoka kidogo.

Seli T huzaliwa kwenye uboho, halafu hupelekwa chuoni: tezi moja nyuma ya mfupa wa kifua iitwayo thaimasi. Herufi T imetoka hapo. Madaktari waliiona tezi hiyo haina kazi mpaka Jacques Miller alipoonyesha mwaka 1961 kwamba mnyama aliyeondolewa thaimasi akiwa kichanga hukosa kinga. Mtihani wa chuo hicho haufanani na wa madrasa yetu. Seli isiyojua kusoma hufa, na inayoushambulia mwili wa mwenyewe hufa pia. Wanaofaulu hawazidi 5 katika 100.

Sasa sikilizeni hapa, maana wengi hukosea. Seli T haikioni kirusi. Chukulia unapita uchochoroni saa sita mchana. Huingii jikoni kwa watu, lakini ukiona magamba mlangoni unajua humo leo kuna samaki, na mwenye macho atakwambia ni changu au ni kolekole. Karibu kila seli ya mwili wako hutoa nje vipande vya protini inazotengeneza ndani. Kirusi kikishaingia na kuanza kupika chake, vipande vyake navyo hutokea mlangoni. Seli T husoma magamba hayo. Waliogundua kwamba lazima isome gamba pamoja na mlango wenyewe ni Peter Doherty wa Australia na Rolf Zinkernagel wa Uswisi, wakiwa Canberra miaka ya 1970. Wakapewa Nobel mwaka 1996.

Seli inayolijua gamba fulani ni adimu, moja katika laki moja, pengine katika milioni. Ikilikuta ndani ya tezi, zile zinazovimba shingoni ukiugua, hugawanyika: mbili, nne, nane, mpaka jeshi. Kazi hiyo huchukua kama wiki, na ndizo siku unazolala kitandani. Kirusi kikiisha, 90 hadi 95 katika kila 100 za jeshi hilo hufa. Hao ndio wa Tanga yetu: waja leo, waondoka leo. Chache zinazobaki hulowea. Nyingine hukaa kwenye tezi, nyingine huzunguka na damu, na nyingine huhamia kwenye ngozi, mapafu na utumbo, zisirudi tena damuni. Hizi za mwisho naziita walowezi. Wazee mliokata mkonge mnisamehe neno hilo. Adui akirudi zinamkuta zimekwisha kumjua, na hazingoji wiki.

Kumbukumbu hiyo hudumu kiasi gani? Mwaka 1846 surua iliingia visiwa vya Faroe, watu kama 6,000 wakaugua. Daktari kijana wa Denmark, Peter Panum, akaona wazee walioipata surua ya mwaka 1781 hawakuguswa. Miaka 65, na katikati surua haikuwapo. Panum hakujua kingamwili wala seli T. Lakini wapo watoto wanaozaliwa bila uwezo wa kutengeneza kingamwili, na wakipata surua kwa kawaida hupona. Wanaozaliwa bila seli T, surua huwaua. Nikiulizwa mtoto akose kipi, silazimiki kufikiri.

Basi naudhika nikisikia, “Nilichanja UVIKO na bado niliugua, chanjo gani hiyo?” Ndugu yangu, magamba hayawezi kuwa mlangoni kabla samaki hajaingia jikoni. Seli T kwa maumbile yake haizuii kirusi kuingia. Inazuia kisienee nyumba nzima. Na kirusi hubadili nguo za nje, kama Omikroni, aina ya baadaye ya kirusi cha UVIKO, ilivyozikwepa kingamwili nyingi, lakini magamba yake mengi yalibaki yale yale, na seli T za waliochanjwa ziliendelea kuyatambua.

Nimeombwa niseme kuhusu CD4, maana kila mtu hapa ameshasikia “CD4 zimeshuka.” Hizo ni seli T wasaidizi, na VVU huingia humo humo. Nyingi huziua. Lakini kikipata seli ya kumbukumbu iliyopumzika, hulala nayo. Seli hiyo huishi miaka mingi. Hilo ndilo jambo tuliloisifia tangu tuanze. Na kirusi kilicholala humo hakipiki kitu, kwa hiyo mlangoni hakuna gamba lake, na walinzi hupita bila kujua. Dawa za ARV huzuia kirusi kuzaliana, lakini kilicholala hazikifikii. Mgonjwa akiacha dawa, kwa kawaida ni wiki chache tu kinarudi kwenye damu.

Bibi ameuliza kama mkanda wangu utarudi. Unaweza, ila wengi huwapata mara moja tu, kwa sababu ugonjwa wenyewe huziamsha zile seli zilizosinzia. Na ndiyo, nilipokuwa na malengelenge mjukuu wangu nilimkataza kunikaribia. Mkanda nisingemwambukiza. Ningemwambukiza tetekuwanga, naye angekaa nayo miaka sitini.