Pumzi, Moto na Vidange: kupuliza kioo Lubumbashi

KABWE: Yambo sana watu wa L'shi, na ninyi wa Likasi na Kolwezi. Mimi Kabwe, niko na yaya, yaani mkubwa wangu, Mujinga. Leo tunaongea vioo.

MUJINGA: Tunaongea mafundi wanaopuliza kioo kwa mdomo, tena mlango wa atelye, karakana yao, uko wazi, mpita njia anaingia anatazama. Nilipopita Arusha niliingia karakana ya Shanga. Mafundi wengi pale ni watu wenye ulemavu, wanayeyusha chupa zilizotumika, na mgeni anasimama karibu kabisa.

KABWE: Karibu kiasi gani?

MUJINGA: Joto linakupiga usoni. Tanuri la kioo linakaa kwenye nyuzi 1,100 hivi. Na wewe mtoto wa fonderi, kiwanda cha kuyeyusha madini, hiyo namba inakwambia kitu.

KABWE: Shaba inayeyuka 1,085! Kumbe ni moto wetu uleule.

MUJINGA: Mji huu ulianza kuyeyusha shaba 1911, Kabwe. Joto halitutishi.

KABWE: Haya, kupuliza. Nawaza fundi mwenye mashavu yamevimba, jasho tupu.

MUJINGA: Wala. Anachovya bomba refu la chuma tanurini, anazungusha, kioo kinajizinga nchani kama asali. Akitoka anapuliza kidogo tu, halafu anaziba tundu kwa kidole gumba. Hewa iliyobanwa ndani inapata joto, inatanuka yenyewe, na povu linafunguka. Kazi hasa iko mikononi. Bomba likiacha kuzunguka, kioo kinalegea upande mmoja, basi tena. Na umbo analitengeneza kwa gazeti.

KABWE: Gazeti la kusoma?

MUJINGA: Linakunjwa nene, linaloweshwa maji, analiweka kiganjani, kioo chekundu kinapita juu yake. Sijawahi kuona gazeti lenye faida namna hiyo.

KABWE: Yaya, tuna marafiki waandishi! Sasa niambie, raia akilipa apulize glasi yake mwenyewe, anaibeba nyumbani?

MUJINGA: Siku hiyo hapana. Inaingia kwanza tanuri la pili, nyuzi 500 hivi, inapozwa polepole usiku kucha. Ikipoa haraka, nje inashupaa wakati ndani bado kuna moto, na mvutano huo unabaki humo. Inaweza kupasuka palepale, inaweza kukungoja mpaka uiweke kabatini.

KABWE: Mteja wa Kenia, komini yetu ya hapa mjini, amelipa, unamwambia arudi kesho? Atakuomba feza yake.

MUJINGA: Ndiyo maana atelye inauza kutazama kwanza, glasi baadaye.

KABWE: Na chupa? Huku vidange, chupa tupu za kurudisha, ni mali. Ukiyeyusha vidange vya mama wa nganda, mwenye baa, utamweleza nini?

MUJINGA: Usiviguse! Kusanya vioo vya madirisha vilivyovunjika. Kitengela Hot Glass, karakana ya Anselm Croze nje ya Nairobi, inatumia hivyohivyo. Ila usichanganye kioo cha dirisha na cha chupa katika chombo kimoja. Havisinyai sawasawa vikipoa, kitapasuka.

KABWE: Rangi?

MUJINGA: Hapo ndipo ninapokasirika kidogo. Buluu nzito ya kioo inatoka kwenye kobalti, tena kidogo mno, hata asilimia moja haifiki. Shaba inatoa feruzi, na tanuri likinyimwa hewa inatoa nyekundu. Kongo inachimba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Buluu inatupita barabarani ndani ya malori, na sisi tunanunua chombo cha maua cha buluu kilichotoka ng'ambo.

KABWE: Lakini tanuri halizimwi usiku, na umeme wetu unajulikana.

MUJINGA: Hilo ndilo linaloua wazo. Ukiwasha na kuzima kila siku, chungu cha ndani kinapasuka, na mafuta yanakula faida. Kabla ya hapo, huko Marekani, kioo cha kupuliza kilikuwa hasa kazi ya kiwanda. Ni mwaka 1962, kule Toledo, Marekani, Harvey Littleton alipofanya semina kuonyesha kwamba msanii anaweza kuwa na tanuri dogo lake mwenyewe. Dogo, lakini bado linakula.

KABWE: Basi tufunge kipindi?

MUJINGA: Ngoja. Ningekuwa na feza kidogo ningeanza na ushanga. Wakrobo wa Ghana wanatwanga chupa mpaka unga, wanajaza kwenye vikalibu vya udongo, wanachoma kwa kuni. Hakuna bomba, hakuna umeme. Mtoto wa shule anaweza kuja Jumamosi akajaza kalibu lake.

KABWE: Na tundu la kupitisha uzi?

MUJINGA: Wanasimamisha kijiti cha jani la muhogo katikati. Kinaungua, tundu linabaki.

KABWE: Kijiti cha sombe? Kile mama anachotupa?

MUJINGA: Kilekile. Kwa hiyo wewe leta kinu na vioo, mimi vijiti ninavyo nyumbani.